"Kukaza" Klachi: Nafasi Huru ya Wenzo na Matunzo ya Klachi za Pikipiki na Guta katika Maeneo ya Kibaha na Kisarawe

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kurekebisha na kutunza klachi ya pikipiki na ya guta la injini, vyombo vinavyobeba abiria na mazao katika maeneo ya Kibaha na Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Hoja yake kuu ni kwamba kitenzi *kukaza*, kinapotumiwa kuhusu klachi, hubeba vitendo vyenye matokeo yanayopingana. Waya ukikazwa, pleti za klachi huelekea kuachana. Springi zikikazwa, pleti hubanana zaidi. Dereva anayeomba "kukaziwa klachi" kwa sababu inateleza anaweza kufanyiwa jambo litakaloifanya iteleze zaidi. Makala inaeleza muundo wa klachi, dalili za hitilafu, hatua za marekebisho na matunzo, kisha inapendekeza kwamba maelekezo ya marekebisho yatolewe kwa kipimo cha nafasi huru ya wenzo badala ya kwa vitenzi *kukaza* na *kulegeza*.

1.0 Utangulizi

Klachi ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Kazi yake ni kuruhusu nguvu ya injini ifike kwenye gurudumu, au kuikata kwa muda ili dereva abadilishe gia, asimame bila kuzima injini, au aondoke taratibu. Katika pikipiki, dereva huiamuru klachi kwa mkono wa kushoto kupitia wenzo, ambao madereva wengi huuita mkono wa klachi, na waya unaopita ndani ya ala kutoka kwenye usukani hadi kwenye injini.

Kwa dereva wa bodaboda, hitilafu ya klachi ni suala la kipato na la usalama kwa pamoja. Anayeendesha chombo cha mtu mwingine ana hesabu ya kupeleka jioni, na siku iliyopotelea gereji haipunguzi hesabu hiyo. Anayeendesha kwa mkataba, akitarajia chombo kiwe chake baada ya kumaliza malipo, mara nyingi ndiye anayebeba pia gharama za vipuri. Klachi inayoteleza wakati wa kulipita lori huacha pikipiki upande usio wake wa barabara bila nguvu ya kumalizia. Klachi isiyokata vizuri husukuma chombo mbele hata pale dereva alipodhani amekisimamisha.

Pamoja na uzito huo, sehemu kubwa ya marekebisho ya klachi huhusu milimita chache tu za mwendo wa waya. Swali la makala hii ni jinsi milimita hizo zinavyoelezwa, zinavyopimwa na zinavyolindwa.

2.0 Mazingira ya Matumizi

Kibaha na Kisarawe hupakana, lakini huitesa klachi kwa namna tofauti. Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, imetandazwa kandokando ya Barabara ya Morogoro, njia kuu ya malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda bara. Kuanzia Kwa Mathias na Maili Moja hadi Mlandizi, dereva wa bodaboda husimama na kuondoka mara nyingi. Kila anapoondoka, pleti za klachi huteleza kwa sekunde chache kabla ya kushikana, na kila mtelezo huo huzalisha joto.

Kisarawe iko kwenye vilima vya Pugu, jirani na misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Kutoka mjini kuelekea Masaki na Maneromango, na zaidi katika njia za vijijini zinazochepuka kutoka barabara hiyo, chombo hukutana na miinuko, mchanga wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Mizigo ni korosho, mihogo, mananasi, maembe na magunia ya mkaa. Abiria wawili au zaidi juu ya pikipiki moja, yaani mshikaki, huongeza uzito ambao watengenezaji hawakuukusudia. Hapa klachi haichoshwi na wingi wa kuondoka, bali na muda mrefu wa nusu klachi: dereva hushikilia wenzo katikati ili injini isizimike, huku gurudumu likichimba mchanga.

Tofauti hiyo ina maana katika uchunguzi. Chombo cha Maili Moja kinaweza kuonyesha kwanza uchakavu wa waya unaovutwa mara nyingi kwa siku. Chombo cha vijiji vya Kisarawe kinaweza kuwa na waya mzima, lakini pleti zake zimeungua. Dalili anayoihisi dereva mkononi huenda ikafanana katika hali zote mbili, ingawa dawa yake si moja.

3.0 Muundo na Utendaji wa Klachi

Klachi ya pikipiki nyingi za sentimita za ujazo 100 hadi 150, pamoja na ya guta nyingi za mizigo, ni klachi ya pleti nyingi inayofanya kazi ndani ya oili ya injini. Ina pleti za aina mbili zilizopangwa kwa kupishana. Pleti za msuguano zina meno ya nje yanayoingia katika mianya ya nyumba ya klachi, ambayo huzungushwa na injini. Pleti za chuma zina meno ya ndani yanayoshika kitovu, ambacho huzungusha shafti ya giaboksi. Springi huzibana pleti hizo zote pamoja kupitia pleti ya kubana. Zikibanwa sawasawa, nyumba na kitovu huzunguka kama kitu kimoja.

Dereva anapovuta wenzo, waya huuzungusha mkono mdogo ulio kwenye injini. Mkono huo huisogeza pleti ya kubana dhidi ya nguvu ya springi, na pleti huachana. Ndiyo kusema kwamba katika klachi hii springi ndizo zinazoshikanisha, na waya ndio unaoachanisha. Waya hauna njia yoyote ya kuongeza nguvu ya kushika. Unaweza kuipunguza tu. Kanuni hii moja ndiyo msingi wa marekebisho yote yanayoelezwa hapa chini.

Ni muhimu pia kuitofautisha klachi hii na klachi kavu. Malori ya Scania yaliyokuwa yakiunganishwa katika kiwanda cha TAMCO, Kibaha, kama malori na magari mengi yenye gia za kubadilisha kwa mkono, hutumia klachi kavu, ambayo oili ikiingia huharibika. Maarifa hayo hayafai kuhamishiwa kwenye pikipiki bila kupimwa upya. Katika pikipiki, oili huondoa joto la msuguano, husafisha vumbi la pleti na kulainisha mguso wa kwanza. Tatizo haliwi kuwapo kwa oili bali aina yake, hali yake na kiwango chake.

4.0 Maana Tatu za "Kukaza"

Katika Kiswahili cha kila siku, kukaza ni kufanya kitu kiwe imara au kivutike zaidi. Kwa sababu hiyo ni jambo la kawaida mtu kudhani kwamba klachi inayoteleza imelegea, na kwamba kinachohitajika ni kuikaza. Hata hivyo, juu ya klachi kuna vitu vitatu vinavyoweza kukazwa, na kila kimoja kina matokeo yake.

Kwanza ni kukaza waya. Kitendo hiki hupunguza nafasi huru, yaani mwendo wa wenzo kabla haujaanza kuisogeza pleti ya kubana. Kinafaa pale ambapo klachi haikati vizuri: gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, nyutro inapatikana kwa taabu, au chombo kinajikokota mbele wakati wenzo umevutwa hadi mwisho. Kikifanywa kupita kiasi, wenzo hubaki umevutwa kidogo hata mkono wa dereva ukiwa mbali. Springi hazibani kwa nguvu yake yote, pleti huteleza, na mtelezo huo huzila.

Pili ni kukaza springi. Njia ya mkato ya kuweka washa chini ya springi zilizochoka huongeza nguvu ya kubana, lakini hufanya wenzo uwe mzito, huuchosha waya, na inaweza kuzifanya springi zifikie kikomo cha kubanwa kabla pleti hazijaachana. Springi iliyopungua urefu kupita kipimo cha mtengenezaji hubadilishwa, na hubadilishwa pamoja na wenzake wote ili pleti ya kubana isisukumwe upande mmoja.

Tatu ni kukaza bolti za springi hadi mwisho wakati wa kufunga klachi. Bolti hizi hazitumiki kurekebisha nguvu ya klachi. Hufungwa hadi zikae, kwa kipimo kilichowekwa.

Utata huongezwa na jambo jingine. Waya unapotumika hurefuka, na nafasi huru huongezeka. Pleti za msuguano zinapolika hupungua unene, pleti ya kubana husogea, na nafasi huru hupungua. Mabadiliko haya mawili huenda pande mbili tofauti. Waya uliorefuka huhitaji kukazwa. Pleti zilizolika huhitaji waya ulegezwe. Dereva ambaye klachi yake imeanza kuteleza kwa sababu pleti zimelika, akikaziwa waya, hupoteza hata ile nafasi ndogo iliyobaki. Klachi ambayo ingeweza kuendelea kwa muda kwa kurudishiwa nafasi yake huungua baada ya safari chache za mlimani, na gharama ya dakika chache za spana hugeuka kuwa gharama ya pleti nzima.

5.0 Utaratibu wa Kurekebisha

5.1 Kupima. Kipimo hutangulia kugusa nati yoyote. Injini huzimwa na kuachwa ipoe, chombo husimamishwa wima na usukani hunyooshwa. Wenzo huvutwa taratibu kwa kidole hadi ukinzani uhisike, kisha umbali uliosafiriwa na ncha yake hupimwa kwa rula. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu, nafasi inayotakiwa ni kati ya milimita 10 na 20 kwenye ncha ya wenzo. Baadhi ya watengenezaji hutaka kipimo kichukuliwe karibu na egemeo la wenzo, ambako milimita 2 hadi 3 hutosha. Kitabu cha mwongozo cha chombo husika ndicho chenye kauli ya mwisho.

5.2 Kurekebisha waya. Waya una sehemu mbili za kurekebishia. Ile iliyo kwenye usukani hutumika kwa marekebisho madogo. Ile iliyo upande wa injini hutumika kwa marekebisho makubwa. Utaratibu ulio salama ni kuirudisha kwanza skrubu ya usukani karibu na mwanzo wake, kupata kipimo cha jumla upande wa injini, kufunga nati zake, kisha kumalizia kwa usukani. Fundi anayemaliza uzi wote wa skrubu ya usukani humwacha dereva bila njia ya kujisaidia barabarani, na skrubu iliyotoka nje sana hupinda au kukatika kwa urahisi.

5.3 Kuhakiki. Usukani hugeuzwa hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Nafasi huru ikibadilika sana, waya umepitishwa mahali pasipofaa au ala yake imebanwa. Baada ya hapo injini huwashwa, wenzo huvutwa na gia ya kwanza huingizwa. Chombo hakipaswi kuruka mbele wala injini kuzimika. Mwisho, chombo hujaribiwa mahali pa wazi kwa gia ya juu: mlio wa injini ukipanda bila mwendo kuongezeka, klachi bado inateleza.

5.4 Kutenganisha hitilafu ya nje na ya ndani. Klachi inapoteleza, waya hulegezwa kwanza hadi nafasi huru iwe dhahiri kubwa kuliko kawaida, kisha chombo hujaribiwa tena kwa muda mfupi. Mtelezo ukiisha, chanzo kilikuwa waya uliokazwa mno, na kazi iliyobaki ni kupata kipimo sahihi. Mtelezo ukibaki, waya hauna hatia. Hitilafu iko kwenye oili, springi au pleti. Jaribio hili halihitaji kipuri chochote, na humwezesha mwenye chombo kujua sababu ya kufunguliwa kwa injini kabla haijafunguliwa.

5.5 Vyombo visivyo na wenzo wa klachi. Baadhi ya pikipiki ndogo, na pikipiki nyingi za magurudumu manne zinazotumika mashambani na katika utalii, hazina wenzo wa mkono. Huwa na klachi ya kani-nje, inayoshika yenyewe mzunguko wa injini unapopanda, pamoja na klachi ya pleti inayokatwa na kanyagio la gia. Marekebisho yake hufanywa kwenye injini, kwa skrubu yenye nati ya kufungia. Nati hulegezwa, skrubu hugeuzwa taratibu hadi mkono uhisi ukinzani mdogo, kisha hurudishwa nyuma kati ya moja ya nane na robo ya mzunguko, na nati hufungwa huku skrubu ikizuiwa isizunguke. Upande wa kugeuzia hutofautiana kwa aina ya chombo, lakini kanuni ni ileile: kufika mahali pa mguso, kisha kuacha nafasi.

6.0 Matunzo

Waya ndio sehemu inayohitaji matunzo ya mara kwa mara. Mchanga wa njia za Kisarawe huingia katika mwanya wa juu wa ala na kugeuka msasa. Waya unaokwaruza huchelewa kurudi, na wenzo usiorudi kikamilifu una athari sawa na waya uliokazwa mno. Waya huchomolewa upande wa wenzo na kudondoshewa oili nyepesi hadi itokeze upande wa pili. Egemeo la wenzo hupakwa grisi kidogo. Uzi mmoja wa waya ukionekana umekatika karibu na kichwa chake, waya hubadilishwa siku hiyo, kwa kuwa nyuzi zilizosalia hubeba mzigo wa uliokatika.

Oili huchaguliwa kwa kiwango kinachohusu klachi, si kwa unene pekee. Alama ya 20W-50 hueleza unene. Haielezi namna oili inavyoathiri msuguano. Kiwango cha Japani cha JASO T 903 kinatenganisha oili za pikipiki katika makundi ya MA na MB. Kundi la MA, pamoja na MA2 ndani yake, linafaa kwa klachi inayofanya kazi ndani ya oili. Kundi la MB lina msuguano mdogo na halikusudiwi kwa klachi hizo. Baadhi ya oili za magari huongezewa kemikali za kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, na kemikali hizo zinaweza kuziteleza pleti ambazo bado zina unene wa kutosha. Kwa hiyo klachi iliyoanza kuteleza muda mfupi baada ya kubadilishwa oili inapaswa kuanza kuchunguzwa kwenye kopo la oili.

Uendeshaji nao ni sehemu ya matunzo. Kwenye mwinuko, chombo hushikiliwa kwa breki, si kwa nusu klachi. Mchangani, gia ya chini iliyoachiwa klachi yote ni bora kuliko gia ya juu inayobembelezwa. Vidole visivyo kazini huondolewa juu ya wenzo, kwa sababu uzito wake unatosha kumaliza nafasi huru iliyopimwa kwa uangalifu.

7.0 Uchunguzi wa Ndani

Jaribio la sehemu ya 5.4 likielekeza ndani, oili humwagwa, kifuniko cha klachi hufunguliwa na bolti za springi hulegezwa kidogo kidogo kwa kuvuka pande. Pleti za msuguano hupimwa unene kwa venia. Tofauti kati ya pleti mpya na iliyokwisha mara nyingi ni sehemu tu ya milimita, hivyo jicho halitoshi kuamua. Pleti za chuma hulazwa juu ya kioo bapa, na mwanya wowote chini yake hupimwa kwa fila. Rangi ya samawati juu ya chuma ni alama ya joto kali. Mianya ya nyumba ya klachi hukaguliwa pia: meno ya pleti yakiwa yamechimba vijishimo kwenye kingo zake, pleti hunasa humo na klachi haikati vizuri, hata waya ukirekebishwa mara ngapi.

Pleti mpya za msuguano hulowekwa katika oili safi kabla ya kufungwa, kwa sababu pleti kavu huweza kuungua katika dakika za mwanzo za kazi. Mpangilio wa awali hufuatwa, gasketi hubadilishwa, na baada ya kufunga, nafasi huru hupimwa upya. Pleti mpya ni nene kuliko zilizotoka, kwa hiyo kipimo cha zamani cha waya hakifai tena.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba klachi ya pikipiki na guta hushika kwa springi na huachana kwa waya, na kwamba kanuni hiyo hufichika pale lugha ya gereji inapotumia kitenzi kimoja kwa vitendo vinavyopingana. Uchakavu wa waya na uchakavu wa pleti huibadilisha nafasi huru kuelekea pande mbili tofauti. Hivyo agizo la "kukaza klachi" halimwambii fundi afanye nini, wala halimwezeshi mwenye chombo kuhakiki kilichofanyika.

Inapendekezwa kwamba katika mafunzo ya ufundi, na katika maelekezo kati ya dereva na fundi, agizo hilo litenganishwe katika sehemu mbili. Ya kwanza ni dalili: klachi *inateleza* au *haikati*. Ya pili ni kitendo chenye kipimo: *ongeza nafasi* au *punguza nafasi*, hadi milimita kadhaa kwenye ncha ya wenzo. Maneno haya yote ni Kiswahili cha kawaida na hayahitaji istilahi mpya. Dereva wa Maneromango mwenye rula ya shule na maneno hayo anaweza kujua, kabla ya kulipa, kama klachi yake inahitaji pleti au inahitaji tu kurudishiwa nafasi yake.